Sanduku la Columbus, Nguzo za Buffalo

Niliwahi kulala chali sakafuni katika kiwanda kimoja huko Columbus, nimevaa koti langu la kanisani, wafanyakazi ishirini na kitu wakinitazama, kwa sababu mama yangu aliyekuwa Louisville alitaka kujua kama sakafu ile ni baridi. Nalisema hili mwanzoni kabisa ili atakayenicheka ajue kwamba foleni ya kunicheka ni ndefu, na yeye hayuko mbele.

Mama anaitwa Mukabutera. Tuliishi naye Highview, mtaa wa hukohuko Louisville, katika nyumba za kupanga zilizo nyuma ya duka la matairi, sisi tukiwa juu. Kufika kwetu kulikuwa na ngazi kumi na saba. Mwezi wa Novemba magoti ya mama yaligoma, na tangu siku hiyo hakushuka tena. Ibada aliifuata kwenye simu, jua aliliona dirishani, na majirani aliwafahamu kwa vipara vyao. Huyu ni mwanamke aliyeteremka kwa miguu kutoka milima ya Kivu Kusini mpaka Uvira, siku tatu, Biblia kichwani na kuku kwapani. Sasa alikuwa ameshindwa na ngazi kumi na saba zenye zulia. Alikasirika sana, na hasira yake ilitua kwangu kwa kuwa nilikuwa karibu.

Alikuwa na ombi moja tu, akalirudia kila asubuhi nikimpa chai. "Mi nataka mulango wa kutokea mu udongo," alisema. "Nitoke miye mwenyewe, bila mutu kunishika. Kisha mutaniambia mambo ingine."

Basi mimi na mume wangu Eliezer tukanunua kiwanja kidogo upande uleule wa mji, udongo mwekundu na miti miwili. Eliezer anaendesha lori la masafa marefu na nyumbani hupita kama mgeni. Aliniambia nichague nyumba ninayoitaka, yeye atalala popote penye mto. Kuchagua nyumba kungekuwa rahisi kama nisingekuwa na kaka na mdogo wangu.

Kaka yangu Ezéchias anaishi Linden, kule Columbus. Ni msimamizi katika kiwanda kinachotengeneza nyumba kwa vipande. Nyumba inajengwa ndani, chini ya paa, bila mvua wala matope, inapakwa rangi, inawekwa makabati, choo na balbu, kisha inapakiwa kwenye malori mawili kama masanduku mawili makubwa. Kreni inayaweka juu ya msingi, yanaunganishwa, na watu wanaingia. Mdogo wetu Rwema yuko North Buffalo. Yeye anafanya kazi kwa fundi mzee anayejenga kwa mtindo wa zamani: nguzo nene za mwaloni, boriti juu yake, kila kitu kimeshikana kwa vigingi vya mbao, bila msumari hata mmoja. Kwa Rwema, nyumba ya kiwandani ni katoni ya viatu. Kwa Ezéchias, nyumba ya Rwema ni mifupa inayosubiri nyama.

Ugomvi huu haukuanzia Amerika. Walipokuwa wadogo, baba aliwaambia kila mmoja ajenge kibanda cha ndama. Cha Ezéchias kilimalizika mchana uleule na kikamwangukia ndama jioni. Cha Rwema kilichukua wiki mbili, kikawa imara ajabu, ila alisahau kuacha mlango, na ndama akakaa ndani siku mbili akila ukuta. Miaka thelathini imepita na hawajaacha kukumbushana. Kwenye harusi yangu walikumbushana mbele ya mchungaji.

Mwezi wa Januari Ezéchias akanipigia simu. Mteja mmoja alikuwa ameiacha nyumba yake kiwandani, vyumba vitatu, mlango wa mbele ulio sawa na ardhi, na wakubwa wa kiwanda walikubali yeye aichukue. Alisema ananipa mimi, kwa ajili ya mama, kwa kuwa yeye ndiye mkubwa.

Hapa lazima nieleze jambo la kwetu, maana ndipo kosa langu lilipoanzia. Kwetu milimani, ndugu yako akikupa ng'ombe, huulizi umri wake wala kama anapiga teke. Unapiga makofi polepole, unamsifu aliyekupa, unamsifu baba yake, unamsifu ng'ombe. Ukishamaliza kushukuru hivyo, ng'ombe ni wako, na kumrudisha ni kumtangaza ndugu yako kuwa si mtu. Basi nilipiga makofi kwenye simu. Nilimsifu Ezéchias, nikamsifu marehemu baba, nikalisifu lile sanduku na vyoo vyake viwili. Alilia kidogo.

Siku mbili baadaye akapiga Rwema. Tangu vuli, kila Jumamosi, alikuwa akichonga fremu nzima ya nyumba peke yake kwa magogo ambayo fundi wake alimruhusu kuyatumia. Hakutaka kuniambia mpaka amalize. Sasa amemaliza, na ni yangu, kwa ajili ya mama.

Mtu mwenye akili angesema, pole mdogo wangu, nimeshapewa. Mimi nilifungua mdomo kusema hivyo, na mikono yangu ikapiga makofi. Nikamsifu. Nikaisifu mialoni. Baada ya hapo niliketi kitandani nikijitukana kwa lugha nne.

Nilijipa matumaini kwamba moja ya nyumba itakuwa mbaya. Nikaomba ruhusa kazini, kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, nikaenda kukagua. Mama alikagua pamoja nami kwa simu ya video, kwa mtindo wake mwenyewe. Columbus ndiko alikonilaza sakafuni. Kisha akataka niufunge mlango na kuomba kwa sauti ndani, Ezéchias asimame nje na aseme kama amesikia. Niliomba. Ezéchias alisikia kila kitu, pamoja na ombi langu kwamba Mungu aniepushe na ndugu zangu. Mama akauliza moshi utatokea wapi. Ezéchias akamjibu kwa heshima kwamba nyumba haina moto, ina umeme. Akaongeza kwamba itasafiri zaidi ya maili mia mbili barabarani bila kioo kupasuka, na kwamba kabla ya Mei mama atakuwa ndani.

Wiki iliyofuata nikaenda Buffalo, kwenye theluji ya kufika magotini. Rwema alinionyesha nguzo zake zimepangwa katika karakana, kila moja na namba yake, kila kiungo kimechongwa kikaingia kwa mwenzake kama vidole. Zilikuwa nzuri, nasema ukweli. Mama akaniambia niikumbatie nguzo moja, aone unene wake. Nikaikumbatia. Rwema hakuniambia kwamba ameipaka mafuta asubuhi ile. Koti lililolala sakafuni Columbus likafia Buffalo. Nilimuuliza nyumba itamalizika lini. Akasema fremu husimama kwa siku mbili, kisha kuna kuta, paa, madirisha, umeme, mabomba, na kwamba kitu kizuri hakikimbizwi, labda Krismasi, labda baada ya Krismasi.

Nilirudi Highview nikamkuta mama dirishani. Alikuwa akimtazama jirani akimwaga taka, kwa makini ambayo mtu mwingine angeyaweka kwenye mahubiri. Hapo nikachagua. Ofisi ya ujenzi ilitaka ramani moja, nami nikapeleka ya Columbus, kwa sababu mama hakuwa na Krismasi nyingine ya kukaa dirishani. Sikujutia uchaguzi huo na sijutii leo. Kilichobaki kilikuwa kumwambia Rwema, na hilo nililipanga kwa wiki ijayo. Kila wiki ilipofika, nililipanga tena kwa wiki ijayo.

Jumamosi ya mwisho wa Aprili nyumba ilikuwa inaingia. Shemasi Zabroni alikuja na wanaume sita, wakamkalisha mama kwenye kiti, wakamshusha ngazi zote kumi na saba wakiimba. Mama aliwapungia mkono majirani wote anaowajua kwa vipara. Tulipofika kiwanjani nilikuta kanisa zima limetutangulia. Kwetu nyumba haisimami bila mikono ya watu, kwa hiyo kila mmoja alikuja na nyundo yake, na akina mama walikuja na maziwa, chai na maandazi ya kulisha wajenzi. Kreni ikaliinua sanduku la kwanza, ikaliweka. Ikaliinua la pili, ikaliweka. Watu wakakimbilia ndani na nyundo zao, wakakuta mpaka kishikio cha karatasi ya chooni kimeshafungwa. Zabroni alizunguka vyumba vyote akitafuta msumari uliolegea, hakuupata, akatoka amenuna. Ezéchias alisimama mlangoni akipokea pongezi kama bwana harusi.

Saa nne na nusu lori likakunja kona likiwa na namba za New York. Nyuma yake kulikuwa na nguzo za mwaloni. Mbele yake alikuwa Rwema, anapiga honi na kucheka, kwa kuwa alitaka kutushtua.

Alishtuka yeye. Alishuka, akaitazama nyumba, akatazama kreni, akanitazama mimi. Kicheko kilimwisha usoni taratibu.

"Yaya," aliniambia, kama kwetu tunavyomwita dada mkubwa, "hiyi ni nini?"

Nikamweleza yote, pale pale, mbele ya kanisa na maandazi. Magoti ya mama, Krismasi, ramani, wiki ijayo. Sauti yangu ilikuwa ndogo mpaka Zabroni akaniomba nirudie. Ezéchias, kwa kuwa hana adabu siku ambayo adabu inatakiwa, akasema kwamba walau nyumba hii ina mlango.

Rwema alifuta mikono yake kwenye suruali. "Donc," akasema, "mi nilichonga nguzo za nani?"

Akapanda tena kwenye lori. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, na niliumia, kwa sababu nilimjua mdogo wangu: angeenda mpaka Buffalo bila kusimama, na simu yangu asingeipokea mwaka mzima. Injini ikawaka.

"Zima hiyo kitu," akasema mama.

Tulimgeukia. Alikuwa amesimama. Hakuna aliyemwinua, wala hapakuwa na ngazi ya kumzuia, palikuwa na udongo mwekundu tu na fimbo yake. Zabroni alinyoosha mikono amdake, akapigwa fimbo kwenye vidole. Mama akatembea mpaka kwenye lori, akaigonga nguzo ya kwanza kwa fimbo, akainusa. Kisha akarudi mbele ya nyumba na kuanza kupima ardhi kwa hatua, kumi na mbili huku, kumi kule, midomo ikihesabu. Hata dereva wa kreni aliacha kutafuna.

"Mulinitesa," alisema alipomaliza. "Tangu Januari najiuliza mu roho, huyu ameleta nyumba, sawa, na zizi italetwa na nani? Mutu atakaaje mu nyumba haina zizi mbele yake, kama mwizi? Bon. Shusha."

Rwema alitoa kichwa dirishani. Alisema kwa unyenyekevu kwamba ile ni nyumba, mama, ni mwaloni, ni kazi ya Jumamosi zake zote tangu vuli.

"Nyumba si ile pale?" mama akamjibu. "Ezéchias ameleta pa kulala. Weye umeleta pa ng'ombe."

Mtu asiyetoka kwetu angedhani Rwema ametukanwa. Lakini kwetu nyumba ni mahali pa kulaza mgongo na kuficha sufuria. Zizi liko mbele, na mambo yote ya maana hufanyika hapo: hapo baba hubariki watoto, hapo ng'ombe wa mahari husimama na kuangaliwa, hapo mgeni hujua amefika kwa mtu. Rwema alishuka kwenye lori akiwa mrefu kuliko alivyopanda. Aliyepungua alikuwa Ezéchias.

"Maman," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto wa miaka tisa, "ya miye ni pa kulala tu?"

"Pa kulala kuzuri," mama akamfariji. "Na choo mbili."

Kwa mara ya kwanza kwa miaka thelathini nilimsikia Ezéchias akimwomba Rwema kitu. Aliomba ashike upande mmoja wa nguzo. Alitaka naye awe na mkono wake katika zizi. Rwema alifikiri kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akamwonyesha pa kushika, na akamfundisha namna ya kupinda magoti, jambo ambalo mtu anayebeba vitu kiwandani kwa miaka kumi na moja hakulihitaji.

Nyundo zote zikaamka. Zabroni alikuwa ameshapanda juu ya lori. Bahati mbaya mkaguzi wa ujenzi alikuwa bado yupo, kijana mpole mwenye ubao wa karatasi, aliyekuja kuangalia msingi. Akaniuliza ile miti ni ya nini. Nilitafuta neno la zizi ambalo ofisi yake ingelikubali kwenye kiwanja cha ukubwa ule, bila ng'ombe, sikulipata. Nikamwambia ni carport, banda la kuegeshea gari. Akaandika carport, akasema inahitaji kibali chake peke yake. Zabroni akashushwa kutoka juu ya lori, na watu wakarudi nyumbani na nyundo zao safi kwa mara ya pili siku hiyo.

Kibali kilichukua wiki sita. Mwezi wa Juni Rwema akarudi, Ezéchias akaja, kanisa likaja, na fremu ikasimama kwa kamba na mabega, vigingi vikipigwa na kila mwenye mkono. Mama alipiga kimoja. Bibi Kampire, ambaye haoni vizuri, alipiga kimoja pamoja na kidole cha Zabroni. Tulipomaliza tukarudi nyuma kuitazama, nguzo nane na paa, boriti za uzio pande zote, mwaloni unang'aa, na kila mtu akampongeza Rwema. Mama alizunguka mara moja, akazunguka mara ya pili.

"Na lango?" akauliza.

Rwema alikuwa amesahau lango.

Sitaeleza jinsi Ezéchias alivyocheka. Alilala kwenye nyasi. Kisha akainuka, akachukua mbao za kupakilia zilizobaki kwenye lori, akajenga lango kabla ya chakula cha mchana. Limeinama kushoto na linalia likifunguliwa. Rwema aliomba alitengeneze upya, mama akakataa. Alisema ng'ombe hawaangalii uzuri wa lango.

Ng'ombe wenyewe ni magari yetu. Hakuna aliyelipanga hilo. Siku ya kwanza mama alimkuta Ezéchias ameegesha gari lake dogo la familia, jekundu kama udongo, pembeni ya barabara, akamgombeza kwa kuliacha nje lichukuliwe. Likaingizwa. Langu la rangi ya kahawia hafifu likafuata. Kufikia Jumapili lile la Ezéchias lilikuwa linaitwa Bihogo na langu Gaju, kama ng'ombe wa rangi hizo walivyoitwa kwetu, na mama alikuwa akitoka kila jioni kuyahesabu. Anafungua mlango wa Columbus, anatoka sawa na ardhi, hatua kumi na mbili kwenye udongo, anafika zizini. Hakuna anayemshika. Mara ya kwanza nilipomwona dirishani, safari hii yeye akiwa nje na mimi ndani, niliacha vyombo kwenye maji nikalia mpaka nikaishiwa.

Jumapili hiyo baada ya ibada Ezéchias alitaka kuondoka, kwa kuwa Jumatatu asubuhi alitakiwa kazini. Alimkuta mama amesimama langoni na fimbo yake, hapiti mtu. Ezéchias akaeleza habari ya kazi, akaeleza urefu wa barabara. Mama akamjibu kwamba Bihogo hajanywa maji. Kaka yangu, ambaye huko kiwandani watu thelathini wanamsikiliza, akanitazama akiomba msaada. Nilimpa mpira wa maji. Akasimama mbele ya gari lake na suti ya kanisani, akalinywesha, mama akimwelekeza asiharakishe. Rwema alirekodi yote kwenye simu. Kisha lango likalia, Bihogo akatoka, na baada yake akatoka Rwema na lori la fundi wake.

Mama aliwatazama mpaka walipokunja kona. Nikaenda kumsaidia kufunga lango. Akauzuia mkono wangu.

Kule milimani sisi tulikuwa na ng'ombe arobaini na mmoja. Walichukuliwa asubuhi moja, wenye bunduki walipokuja, na jioni yake mama aliliacha lango wazi, na ya pili yake, mpaka siku tuliyoondoka. Nilikuwa msichana mdogo nikidhani amesahau. Sikuwahi kumuuliza, na tangu hapo hakuwa na lango lolote la kufunga.

"Acha wazi," aliniambia. "Moja iko Columbus, moja iko Buffalo, na ya bwana yako sijue iko wapi. Hizi zitarudi."

Akageuka, akarudi nyumbani kwa hatua zake kumi na mbili, nami nikabaki pale langoni nimeshika mpira wa maji.